Kosa Lisifutwe

Mwalimu Eufrazia Kobelo aliamini kwamba hakuna mtoto mjinga. Imani hiyo haikuwa na wafuasi wengi katika kijiji cha Mihange, ambako watu walikuwa wamewahi kuishi na watoto.

Mihange iko juu ya Matombo, mwendo wa saa tatu kwa mtu asiyebeba kitu, na njia ile haina mtu asiyebeba kitu. Mwaka 1974, watu walipokuwa wakihamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, maofisa walipanda mlima ili wawahamishe na wa Mihange. Wakatazama mteremko upande huu na korongo upande ule, wakatafuta tambarare ya kujenga nyumba kwa mistari, wakapumzika, wakala ndizi, wakateremka. Wiki iliyofuata Mihange ilitangazwa kuwa kijiji cha ujamaa pale pale ilipokuwa. Wazee waliipokea siasa hiyo vizuri sana. Haikuwa imemvunjia mtu chungu.

Baada ya vijiji ikaja elimu kwa wote. Kila mtoto aende shule, na aende sasa. Watoto walikuwepo, tena tele. Walimu ndio hawakuwepo. Ikaamuliwa kwamba wachukuliwe vijana waliomaliza darasa la saba, wafundishwe ualimu huko huko vijijini kwa redio, kwa makaratasi ya kurudufu na kwa kukaa na mwalimu mzoefu mara chache kwa wiki. Eufrazia alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na alikuwa ametumia minane kati ya hiyo kuteremsha ndizi kichwani hadi soko la Matombo. Alipomaliza darasa la saba hakuchaguliwa, na mwalimu wake wa wakati huo alimweleza sababu kwa upole: kichwa chake kilikuwa kama debe lililokwisha kujaa, ukimimina zaidi linamwaga. Eufrazia aliibeba sentensi hiyo miaka minane pamoja na mikungu.

Kwa hiyo mtu anaweza kuelewa ilivyomwingia karatasi ya kumi na moja ya mafunzo. Karatasi hiyo ilisema kwamba akili ya mtoto si kipimo anachozaliwa nacho, bali hukua kwa kutumiwa, kama vile. Hapo ukurasa uliishia. Ukurasa wa kumi na mbili haukufika, kwa kuwa mjini stensili zilikuwa zimekwisha. Wanafunzi wenzake wa ualimu waliendelea na ukurasa wa kumi na tatu, uliohusu bustani ya shule. Eufrazia alisubiri wiki mbili, kisha akaimalizia ile sentensi mwenyewe, na ilimchukua miaka sita.

Mwalimu mkuu wa Mihange alikuwa Mzee Stambuli, mtu wa Kilosa aliyeanza kufundisha tangu enzi za Mwingereza, na aliyeziona sera za elimu zikipita kama mvua, akijikinga kila moja kwa mwavuli ule ule.

"Akili ni nywele, mwalimu," alimwambia Eufrazia siku ya kwanza. "Kila mtu ana zake."

"Na nywele huota, mwalimu mkuu."

Stambuli alivua kofia yake, akamwonyesha kichwa kilichong'aa kama kibuyu. "Za huku umeziona?"

Darasa la kwanza alilopewa lilikuwa la watoto sitini na mmoja, wakikaa juu ya magogo. Mmoja wao aliitwa Asha, binti wa Mwinshehe. Alikuwa na miaka minane na alitazama ubao kama watu wanavyotazama mvua wakiwa ndani. Kwa mwaka mzima na nusu hakuweza kujumlisha kitu kilichozidi vidole vyake. Wenzake walimwita Jiwe. Hawakuwa na nia mbaya. Walidhani ndilo jina la hali yake.

"Saba na tano, Asha?"

"Kumi na moja, mwalimu."

"Bado."

"Kumi na tatu?"

"Bado. Umeipita. Rudi kidogo."

Hii "bado" ndiyo iliyokuwa tofauti. Walimu wengine waliweka mkasi mwekundu kwenye jibu, na mtoto akajua kuwa amekufa. Eufrazia aliandika neno "bado", na mtoto akajua kuwa yuko njiani. Darasa zima likalizoea. Walikuwa wakiulizana hata wakichota maji, "Umejaa?" "Bado." Wazazi walianza kunung'unika kwamba watoto wao hawafeli tena, na mtoto asipofeli utajuaje pa kumweka.

Kisha raba zikaadimika. Zilitangulia sabuni na sukari, kwa hiyo hakuna aliyeziandikia barua gazetini. Duka la kijiji lilileta boksi moja mwaka 1978, halikuleta tena. Watoto wakawa wanafuta kwa mate na kidole, na madaftari, ambayo nayo yalianza kuhesabika, yakatoboka katikati kama majani ya mgomba yaliyopigwa na mvua ya mawe. Eufrazia alitafakari Jumapili moja, Jumatatu akatangaza sheria: kosa lisifutwe. Wala lisikatwe, kwa sababu kalamu za risasi zilikuwa zinakatwa vipande vitatu na kila mstari una gharama yake. Jibu la kwanza liache lilivyo. Ukifikiri upya, andika jipya kuliani kwake. Ukifikiri tena, tena. Jibu lako ni lile la mwisho upande wa kulia, na yale mengine ni njia uliyopita.

"Kosa ulitazame usoni," aliwaambia. "Usilifukie. Ukilifukia, kesho utalikanyaga tena."

Falsafa yake, kama nyingi za miaka ile, ilianza na uhaba ikaishia kuwa fadhila. Tofauti ni kwamba ya kwake ilifanya kazi. Watoto waliacha kuogopa kukosea, kwa kuwa kosa halikuwaondolea kitu, lilikaa tu pale kushoto kama kituo kilichopitwa. Daftari la Asha lilikuwa la ajabu kulitazama. Saba mara nane: arobaini na nane, sitini na tatu, hamsini na nne, hamsini na sita. Mwendo mrefu, lakini alifika. Darasa la tatu alifika kwa hatua nne, la tano kwa mbili. Darasa la saba alikuwa anafanya sehemu na asilimia ambazo Eufrazia mwenyewe alizijulia usiku wa kuamkia somo. Hakuna aliyemwita Jiwe tena, isipokuwa baba yake, ambaye hakuwa amepata habari.

Mzee Stambuli aliyakagua madaftari hayo kila muhula. Mwanzoni alisema yanamtia kizunguzungu. Mwaka wa pili alisoma kuliani bila kufikiri. Mwaka wa nne aliandika jaribio la shule nzima na kulisahihisha hivyo hivyo, akitupa jicho kwenye jibu la mwisho na kupita.

Mapema mwaka 1982, Asha akiwa ndiyo kwanza ameanza darasa la saba, alivunja ungo. Kwa Waluguru jambo hilo halina kamati. Binti anawekwa ndani, anakuwa mwali, anafundwa, na haonekani barabarani mpaka atolewe kwa ngoma. Zamani ilikuwa hata miaka. Siku hizo, kwa sababu ya serikali, ilikuwa miezi, lakini miezi hiyo ilitosha kabisa kuumeza mwaka wa mtihani, na baada ya kutolewa mara nyingi posa huwa imeshakaa kibarazani. Mwenye uamuzi ni mjomba. Baba yake Asha, Mwinshehe, alikuwepo, kwa maana ya kwamba alikuwa hajafa.

Eufrazia alikwenda kwa mjomba, Ahmadi, mkulima wa ndizi na mdalasini, mtu mtaratibu mwenye sauti ya chini. Akamkuta anakwangua magome ya mdalasini.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwalimu. Karibu. Najua ulichokijia."

"Mwaka mmoja tu. Afanye mtihani, kisha mambo yenu yaendelee."

"Mwalimu, mimi sipingi elimu. Mimi mwenyewe nilisoma mpaka nikaambiwa basi." Aliendelea kukwangua. "Lakini tukingoja, watu watasema nyumba ya Ahmadi ina mwali anazurura na daftari. Maneno hayo yana bei. Mimi nayalipia nini?"

"Sekondari."

"Watoto wangapi wa Mihange wameshakwenda sekondari?"

"Bado," Eufrazia alisema.

Ahmadi alicheka, kwa sababu na yeye alikuwa amelisikia neno hilo kisimani. Kisha akaacha kucheka. "Huyu mtoto, una hakika naye? Usinijibu kiualimu."

"Nakupa neno langu. Atachaguliwa."

"Neno lako."

"Asipochaguliwa, mwekeni ndani na mimi sitarudi hapa na hadithi."

Mtu aliyesoma mengi atasema hapo ndipo alipokosea, kuahidi matokeo wakati alichokuwa nacho ni juhudi tu. Lakini Eufrazia hakuwa amesoma mengi. Alikuwa amesoma kurasa kumi na moja. Kutoka siku ile Asha alikuwa binti aliyekopeshwa mwaka mmoja kwa dhamana ya mwalimu wake, na aliutumia kama mtu anayejua hivyo. Alifika shule kabla ya kengele. Walipotoka wenzake kwenda kulima shamba la shule, yeye alilima akiwa anasema jedwali la kumi na saba kwa sauti, jembe likishuka kwenye kila jibu.

Mtihani ulikuja mwezi wa kumi, katika bahasha yenye lakiri, pamoja na mgambo mmoja na msimamizi aitwaye Mwalimu Paulo, kutoka shule ya bondeni. Walimu wa Mihange hawakuruhusiwa kukaribia. Eufrazia alikwenda kuchuma maharage ya shule, akachuma hata yale mabichi.

Jioni Paulo alikunywa chai nyumbani kwa Mzee Stambuli kabla ya kuteremka. Alikuwa mtu mchangamfu, na alitaka kusifu.

"Hongera, mwalimu. Watoto wako hawana papara kabisa. Kwetu wakimaliza wanaangalia dirisha. Hawa wako wanarudi mwanzo. Kuna binti mmoja, mrefu hivi, karibu na mlango, hesabu kamaliza mapema, akarudi akapitia zote hamsini moja moja. Akiona amekosea, anaandika herufi nyingine pembeni, anaendelea."

Eufrazia alishika kikombe. "Pembeni."

"Pembeni, ndani ya kisanduku. Nikajiuliza, hawa mbona hawafuti wala hawakati."

"Hukuwaambia?"

"Msimamizi atasema nini? Nikifungua mdomo nimevujisha mtihani. Nilisoma maelekezo mara mbili kwa sauti, herufi moja tu kwa kila swali. Nikauliza mmeelewa? Wote, ndiyo mwalimu."

Na walikuwa wameelewa. Herufi ya kuliani ndiyo moja. Ile ya kushoto haikuwa jibu, ilikuwa kosa, na kwa miaka minne hakuna mtu katika Mihange aliyewahi kulihesabu kosa kuwa jibu.

"Kisanduku chenye herufi mbili," Eufrazia alisema, "kinasahihishwaje?"

"Sifuri," alisema Paulo.

"Hata kama moja ni sahihi?"

"Mwalimu, hata kama zote mbili ni sahihi." Alicheka peke yake, kisha akainamia chai yake.

Mzee Stambuli aliweka kikombe chini polepole. "Mimi najua sheria hiyo tangu kabla hamjazaliwa," alisema. "Nimesahihisha mitihani ya serikali mjini mara tatu. Halafu nimekaa hapa nasoma kuliani, nasoma kuliani, mpaka nikadhani dunia nzima inasoma kuliani."

Paulo alikumbuka kwamba njia ina utelezi, akaaga.

Kesho yake Asha alimkuta Eufrazia kwenye njia ya kisima.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Asha. Habari za mtihani?"

"Nilipata muda wa kurudia hesabu zote." Alikuwa anatabasamu kwa namna ya mtu anayeshika zawadi nyuma ya mgongo. "Nikakuta makosa kumi na tisa."

"Kumi na tisa."

"Yote nikayarekebisha."

"Vizuri," alisema Eufrazia. Kwa miaka yote saba hakuwahi kumpa Asha alama ambayo hakuipata. Hiyo ndiyo iliyokuwa ya kwanza.

Alichokielewa usiku ule hakikuhitaji elimu ya juu. Kadiri mtoto alivyojitahidi, ndivyo alivyopoteza. Aliyekosea akaacha, alipoteza swali. Aliyekosea akafikiri, akapata, alipoteza swali lile lile, pamoja na muda. Na aliyepata mwanzoni, akaingiwa na shaka, akapima upya, akaandika herufi ile ile mara ya pili ili kuonyesha kuwa amehakiki, naye pia. Katika darasa lote salama ilikuwa ni kutofikiri mara mbili.

Baada ya siku tatu aliteremka hadi Matombo, akapanda lori la ndizi mpaka Morogoro mjini, akiwa amekaa juu ya mzigo ambao zamani ungekuwa kichwani kwake. Katika ofisi ya elimu alimsubiri ofisa kuanzia saa mbili hadi saa saba. Ofisa aliitwa Ndugu Daniel, kijana mwenye macho ya kuchoka, na alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo Eufrazia hakulitegemea na ambalo halikusaidia.

"Kwa hiyo, ndugu mwalimu, watoto wako wameandika majibu mawili."

"Wameandika jibu moja. Lile jingine ni kosa."

"Kosa nalo ni jibu."

"Kwetu si jibu."

"Kwenu wapi?"

"Mihange."

Ndugu Daniel aligeuka kutazama ramani ukutani, kwa heshima, akaitafuta. Haikuwemo. Akageuka tena.

"Sasa msahihishaji aliye na karatasi elfu nne mbele yake, atajuaje kwamba hii inatoka Mihange, na Mihange wanasoma kuliani?"

"Ningeweza kumwandikia."

"Ungeandika kuhusu watoto wangapi?"

"Thelathini na nane ndio waliofika darasa la saba."

"Kata yenu ina shule saba na nafasi tatu." Alisema hivyo bila ukali, kama daktari anayetaja dawa ambayo haipo. "Hata wangefuta wote vizuri, ungebaki nao nyumbani thelathini na sita, thelathini na saba. Wale ungewaambia nini?"

"Nimekuja kwa ajili ya mmoja."

"Kila mwalimu anayekalia kiti hicho amekuja kwa ajili ya mmoja, ndugu mwalimu."

Kisha Ndugu Daniel, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, akavuta karatasi. "Ninachoweza ni kupeleka waraka shule zote. Mwakani walimu wawakumbushe wanafunzi kufuta kabisa jibu wasilolitaka."

"Kwa raba ipi?"

Alifikiri. "Hilo liko idara nyingine," alisema, na akaandika waraka.

Orodha ilibandikwa Matombo kabla ya Krismasi. Mzee Stambuli ndiye aliyeshuka kuitazama, na aliporudi alipita shuleni moja kwa moja, ingawa ilikuwa likizo, akijua atamkuta Eufrazia hapo.

"Tumepata mmoja," alisema. "Ni wa kwanza katika historia ya shule. Inabidi tufurahi."

"Nani?"

"Hassani."

Hassani alikuwa mtoto wa meneja wa duka la kijiji. Tangu utotoni aliambiwa kwamba ana akili za kuzaliwa, kama baba yake mkubwa aliyeko Dar es Salaam, na hakuona sababu ya kubishana na familia. Katika miaka saba ya "bado" hakurudia hesabu hata moja. Mwenye akili harudii, alisema, akirudia, amekiri. Siku ya mtihani aliandika herufi yake ya kwanza katika kila kisanduku, akaweka kalamu chini, akatazama dirisha. Nyingi hazikuwa sahihi. Zilizobaki zilitosha. Hakuwa mtoto mbaya, na ni haki kusema kwamba alikuja kumuaga Eufrazia kwa adabu na kumshukuru kwa kumfundisha.

Kikao cha wazazi kilifanyika Januari. Eufrazia alisimama akaeleza yote: raba, kulia, kushoto, visanduku. Alieleza kwamba watoto walijua majibu. Watu wa Mihange walimsikiliza kwa huruma ile wanayomsikiliza nayo mfiwa.

"Kwa hiyo walijua," alisema mama mmoja, Filomena, ambaye mwanawe alikuwa miongoni mwa wale thelathini na saba.

"Walijua."

"Na hawakufaulu."

"Hawakufaulu."

"Kama wasiojua."

"Ndiyo."

"Mimi sina ugomvi, mwalimu. Nauliza tu. Wewe umewaambia watoto miaka saba kwamba ukijitahidi unafika. Wangu sasa anajua kujitahidi. Amekaa nyumbani anajua kujitahidi. Nimpeleke wapi?"

Katibu aliandika kwamba mama Filomena aliuliza swali na mwalimu akalichukua.

Ahmadi alisubiri watu waondoke. Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

"Mwalimu, sisi hatukulaumu," alisema. "Ulimpenda mtoto wetu. Lakini sisi tulijua toka mwanzo. Mtu ana mahali pake. Tulikungoja tu na wewe ufike."

Alikuwa anamfariji. Eufrazia alitaka kumwambia kwamba sivyo, kwamba Asha amethibitisha kinyume chake mara kumi na tisa kwa mkono wake mwenyewe, lakini ushahidi wote ulikuwa katika karatasi iliyokwisha kupewa sifuri, na kilichobaki mikononi mwa Ahmadi kilikuwa matokeo, nayo yalimuunga mkono yeye.

Asha aliwekwa ndani wiki hiyo hiyo. Eufrazia alikuwa ameahidi kutorudi na hadithi, na alikaa mwezi mzima bila kurudi. Kisha bibi yake Asha, Bibi Halima, akatuma mtu. Mwali hali chakula vizuri. Anamtaka mwalimu.

Mwali haonekani, na hasemi kwa sauti. Eufrazia alikalishwa kwenye kigoda nje ya chumba, ukuta wa udongo ukiwa kati yao, na Bibi Halima akakaa mlangoni, nusu ndani na nusu nje, kupeleka maneno. Kutoka ndani ulisikika mnong'ono tu, kama wa mtu anayehesabu.

"Anakuamkia," alisema bibi.

"Marahaba. Mwambie nimekuja."

"Anauliza, alikosa wapi."

Njia nzima Eufrazia alikuwa ameandaa majibu mawili. La kwanza: hukukosa sana, ungeongeza bidii kidogo tu. Jibu hilo lingemwacha mtoto na imani yake na kumwibia kazi yake. La pili lilikuwa la kweli. Alikaa akiyapima, na hapakuwa na lililo jema. Akasema la kweli. Alieleza kwamba majibu yalikuwa sahihi, kwamba namna ya kuyaandika ndiyo iliyokosewa, kwamba namna hiyo ilikuwa ya mwalimu wake. Bibi Halima aliyapeleka ndani vipande vipande, akiyafupisha, akibakiza aliyoona yanatosha.

Kuku alipita uani. Kisha mnong'ono ukaanza tena, na bibi akakunja uso akijaribu kuushika.

"Anasema kulikuwa na swali la mtu mwenye shamba. Siku ya kwanza kalima theluthi. Siku ya pili kalima nusu ya lililobaki. Zikabaki eka nne. Shamba lote eka ngapi?" Akageuka kwa Eufrazia. "Hivi huyo mtu hana ndugu wa kumsaidia?"

"Eka kumi na mbili," alisema Eufrazia.

Bibi akainama ndani, akarudi. "Anasema mwanzo alichagua nane. Halafu akafikiri sana. Akachagua kumi na mbili."

"Ndiyo yenyewe."

"Basi alipata."

"Alipata, bibi."

"Na hawakumpa."

"Hawakumpa."

Bibi Halima aliingia ndani kabisa safari hii, na alikaa huko. Alipotoka alifunga mlango nyuma yake, akamsindikiza mgeni hadi mwisho wa uwanja, kama inavyotakiwa, na pale akasimama, akamshika mkono.

"Analia," alisema. "Nimemwacha alie. Mwalimu, mwanangu, hapa sisi tunamfundisha kukaa na watu, na ameanza kuzoea. Nyumba hii ni yako, karibu wakati wowote. Ila ukija siku nyingine, nakuomba, usije na hesabu."